Kadi za kuzidisha: darasa linachangamka, alama hazipandi. Tunakosea wapi?

#1 Chaki Nyeupe
Wakuu habari za jioni.

Nafundisha Hisabati Darasa la 4, shule ya msingi ya serikali, watoto 94 chumba kimoja. Tangu mwezi wa pili natumia kadi za namba nilizokata mwenyewe kutoka kwenye maboksi ya sabuni. Seti moja ina kadi 40: namba 1 hadi 10, kila namba mara nne. Dawati la mbele linageuka kutazama la nyuma, watoto wanakuwa wanne wanne, kadi zimefudikizwa katikati. Kila zamu zinafunuliwa mbili, na wa kwanza kutaja jibu la kuzidisha anazichukua. Mwisho wa mchezo mwenye kadi nyingi ndiye mshindi. Tunacheza Jumanne na Alhamisi, dakika 20 za mwisho za kipindi.

Darasa limebadilika. Kuna watoto watatu waliokuwa watoro sugu, sasa siku hizo mbili hawakosi. Kelele zipo, ugomvi wa "mimi ndiye nimepata" haukosekani, lakini wanataka Hisabati.

Kinachonikosesha usingizi ni jaribio la tebo nililosahihisha jana. Wa juu wamepanda kidogo, wa chini wapo palepale. 7 × 8 inawashinda kama zamani. Wengine 6 × 8 wanaandika 72, na 9 × 7 wanaandika 42, tena si mmoja wala wawili. Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne uko mbele, na mwenzangu ofisini ameshaniambia nawachezea watoto wa watu muda.

Mliowahi kutumia kadi darasani, mlipata matokeo? Kama mlipata, mlifanya nini ambacho mimi sifanyi?

#2 Ngalawa
Nafuatilia, ticha. Uzi mzuri.

#3 Mzee wa Mizani
Jibu liko kwenye maneno yako mwenyewe: "wa kwanza kutaja". Kwenye kundi la wanne yupo mmoja mwepesi. Huyo anataja, wenzake watatu wanakodoa macho. Kila zamu anafanya mazoezi mtoto mmoja, tena yule asiyeyahitaji.

Nina binti alikuwa Darasa la 3, mwalimu wao aliwachezesha hivihivi. Nyumbani nikamuuliza 6 × 7, akaniambia, "Baba, hiyo huwa anaijibu Neema." Alisema kwa amani kabisa, kama vile 6 × 7 ni kazi waliyogawiana. Futa mbio, weka zamu. Kila mtoto ajibu kadi zake, wenzake wamsubiri.

#4 Madamu wa Mkoani
Naungana na Mzee wa Mizani nusu. Mimi nilifuta mbio, nikaweka zamu. Darasa likatulia mno, mpaka likalala. Watoto watatu wanamsubiri mmoja ahesabu vidole, dakika zinakwenda. Mbio zina ubaya wake lakini ndizo zilizokuwa zinawaamsha.

Maoni yangu ni kwamba kadi na mtihani ni vitu viwili tofauti. Kadi inampa mtoto namba mbili zikiwa tupu. Mtihani unamwambia Mama Asha amenunua trei 6 za mayai, kila trei ina mayai 30, je, amenunua mayai mangapi? Mtoto aliyezoea kadi anatafuta alama ya kuzidisha, haioni. Wangu waliojua tebo vizuri walikuwa wanajumlisha, 6 na 30, wanaandika 36. Hesabu za mafumbo ni kusoma kwanza.

#5 Chaki Nyeupe
@Madamu wa Mkoani ahsante. Ila jaribio langu lilikuwa tebo tupu, hakuna fumbo hata moja. Ndiyo maana nimechanganyikiwa. Mchezo ni tebo, jaribio ni tebo, na bado.

#6 Fundi Namba
Wakuu, kabla ya kuwalaumu watoto tuzihesabu kadi zenyewe.

Kadi 40, unafunua mbili. Jozi zinazoweza kutokea ni 780. Jozi ambayo ni 7 na 8 ipo kwa njia 16 tu (saba nne mara nane nne). Maana yake 7 × 8 inatokea mara moja katika kila zamu 49 hivi. Kadi 40 zinaisha kwa zamu 20. Kwa hiyo kundi linaweza kucheza mchezo mzima, hata miwili, bila kukutana na 7 × 8. Na ikitokea, anaijibu yule mwepesi wa #3.

Sasa tazama upande wa pili. Jozi zenye 1, 2, 5 au 10 ndani yake ni 504 kati ya 780. Karibu zamu 65 katika kila 100 ni za mteremko. Watoto wako wamecheza tangu mwezi wa pili, lakini muda mwingi wamecheza tebo wanazozijua.

Tebo ya 10 kwa 10 ina majibu 100. Ukiondoa zinazojirudia (3 × 4 na 4 × 3) zinabaki 50. Ukiondoa za 1, 2, 5 na 10 ndipo unafika kwenye zile zinazowaua watoto, nazo ni chache sana. Toa kadi za 1, 2, 5 na 10. Bakiza 3, 4, 6, 7, 8, 9, jumla kadi 24. Hapo 7 × 8 itatokea mara moja katika kila zamu 17.

#7 Kibatari
Fundi Namba, hesabu tamu, lakini zinabaki 55, si 50. Zile 10 za namba kujizidisha yenyewe, 3 × 3, 7 × 7, hazina pacha wa kumwondoa. 90 zina mapacha, nusu yake 45, ongeza 10. Kwa hesabu hiyohiyo, za 3, 4, 6, 7, 8, 9 peke yake ni 21. Ishirini na moja tu! Rudi dawati la mbele kaka.

#8 Fundi Namba
Nimekubali, 55 ndiyo sahihi. Na 21 ndiyo namba ya kubandika ukutani. Mtoto akiambiwa amebakiza vitu 21 vya kujua, si tebo "zote", sura yake inabadilika.

#9 Mama Zawadi
Samahani walimu, mimi ni mzazi. Nimesoma mpaka hapa na hakuna aliyegusa jambo linalotutia hofu sisi nyumbani. Mdogo wangu alianza na karata kijiweni, akaenda kwenye kubeti, leo hana pikipiki wala kazi. Mwanangu aliporudi akasema "leo tumecheza karata shuleni nimewala wenzangu", nilikwenda kumwona mwalimu kesho yake. Sikwenda kugombana. Nilitaka kujua mtoto anajifunza hesabu au anajifunza kula wenzake.

#10 Mpemba wa Bandarini
Mama Zawadi hofu yako ina msingi. Kamari imekatazwa wazi, Suratul Maida aya ya 90. Panapokuwa na dau hakuna mjadala. Pasipo na dau, wanazuoni wanatofautiana, na wapo wanaozikataa karata hata za bure kwa sababu ya mazoea yanayokuja nyuma yake. Mwalimu anapaswa kulijua hilo kabla hajaingia darasani, hasa huku kwetu.

Lakini kadi ya boksi la sabuni yenye namba 7 si karata. Haina kopa wala shupaza. Ningekuwa mimi ningeondoa hilo neno la "kula" na ule utaratibu wa mshindi kubaki na kadi nyingi. Waokote pamoja, kundi zima lishindane na saa.

#11 Mwalimu wa Kwale
Hamjambo walimu wa upande wa pili wa mpaka. Niko Gredi ya 4. Mimi nilipata pingamizi kama la Mama Zawadi mwaka nilipotumia karata za dukani, zile zenye mfalme na malkia. Nilipokata zangu za manila na watoto wakachora wenyewe maembe, mashua na samaki, wazazi walewale walikuja siku ya mkutano wakakaa wakacheza na watoto wao. Sura ya kadi ina uzito kuliko tunavyodhani.

Nawapa mchezo usiohitaji kuhesabu kete wala kugombana. Kadi 7, kila moja ina picha 3, na kadi zozote mbili zina picha moja tu inayofanana. Chagua picha 7, zipe namba 1 mpaka 7, halafu chora hivi:
1-2-3
1-4-5
1-6-7
2-4-6
2-5-7
3-4-7
3-5-6
Funua mbili, wa kwanza kutaja jina la picha inayofanana anazichukua. Natumia kwa msamiati wa Kiswahili na wa Kiingereza. Badala ya picha unaweza kuandika jibu: kadi moja ina 24, nyingine ina 6 × 4, ni "picha" ileile. Jaribuni kutafuta kadi mbili zisizokutana, hamtazipata.

#12 Kibatari
Nimekaa nazichambua jozi zote 21. Kweli kila jozi inakutana, na inakutana mara moja tu. Mwalimu wa Kwale umenilaza saa saba.

#13 Mzee wa Mizani
Hata huo wa Kwale una "wa kwanza kutaja". Narudi palepale: nani anafikiri wakati kadi iko wazi?

#14 Mkoba wa Ngozi
Mzee wa Mizani hapo umegusa jambo lililopimwa. Roediger na Karpicke, Marekani, 2006, waliwapa wanafunzi wa chuo matini ya kusoma. Kundi moja likasoma tena, lingine likajipima kwa kukumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5, waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokuwa wanakumbuka zaidi. Kinachofundisha ni ile kazi ya kulitoa jibu kichwani mwako mwenyewe. Mtoto anayesikia Neema akisema 42 ni kama yule aliyesoma tena: siku ileile anaona anajua, wiki ijayo hana kitu.

Na kuna Ramani na Siegler, 2008, watoto wadogo kabisa wa familia za kipato cha chini. Walicheza mchezo wa kusogeza kete kwenye ubao. Wengine ubao wao ulikuwa na namba 1 hadi 10, wengine ubao wa rangi tupu. Kucheza walicheza wote. Waliopiga hatua kwenye namba ni wale wa ubao wa namba. Mchezo peke yake haufundishi kitu. Lazima kile unachotaka wajue kiwe ndicho wanachokishika kila zamu.

#15 Madamu wa Mkoani
Sawa Mkoba, lakini hao hawakuwa na watoto 94 na kipindi cha dakika 40. Dakika 20 mara mbili kwa wiki ni dakika 40. Toa dakika za kugawa kadi, kugeuza madawati, kutuliza ugomvi. Kwangu zilibaki dakika 9 za kucheza kweli, nilizipima kwa simu. Huenda Chaki Nyeupe hajakosea popote, dozi tu ni ndogo.

#16 Ngalawa
Kwa nini tusirudi kwenye bao? Mashimo 32, kete 64, mtoto anajumlisha na kutoa bila kuambiwa. Na mzazi hana neno.

#17 Mpemba wa Bandarini
Bao ni wawili, Ngalawa. Kwa watoto 94 unataka mabao 47. Nani atachonga?

Lakini mmenikumbusha karata za babu. Sisi tukicheza wahed-sitini. Ree, yaani karata ya moja, pointi 11, saba pointi 10, halafu wazungu, zile karata zenye picha za watu: mzungu wa nne ana 4, mzungu wa tatu ana 3, mzungu wa pili ana 2. Jina la mzungu ndiyo pointi zake. Jumla 30 kwa kila aina, aina nne ni 120, nusu ni 60, ukifikisha 61 umeshinda, ndiyo wahed-sitini. Babu hakukanyaga shule ya serikali lakini akitupa jicho kwenye rundo anakwambia una 47. Hakuandika popote.

#18 Ngalawa
Hizo karata si tuliletewa na Waingereza?

#19 Mwalimu wa Kwale
La, ni za zamani kuliko hapo. Sikiliza majina: kopa ni copas, uru ni ouros, shupaza ni espadas, pau ni paus. Karata yenyewe ni carta, turufu ni trunfo. Ni Kireno kitupu. Wareno walianza kujenga Fort Jesus pale Mombasa mwaka 1593 na waliipoteza kwa Waomani 1698. Waliondoka, karata zikabaki. Na ree ni rei, mfalme, ingawa kwetu imekuwa jina la moja. Sijui mfalme alishushwa cheo lini!

#20 Mwl wa Kitengo
Naongeza dogo. Niko kitengo cha wasioona. Kadi zetu tunatoboa nukta nundu kwenye kona mbili zinazotazamana kwa mshazari ili mtoto aisome hata akiishika kichwa chini. Kwetu mbio haziwezekani, mtoto lazima apapase, asome, afikiri, ndipo ajibu. Kila mmoja kwa zamu yake. Wangu tebo wanazishika. Sisemi ndiyo sababu, nasema tu ninachokiona.

#21 Mama Zawadi
@Mpemba umenisaidia. Mwalimu wa mwanangu naye ameondoa neno "kula", sasa wanasema "kuokota". Mtoto ameanza kunichezesha jikoni. Niliishia Darasa la 7 na 7 × 8 nimeijua juzi.

#22 Mkoba wa Ngozi
Mama Zawadi, hapo jikoni mna wachezaji wawili, kila mmoja anajibu. Ungeweza pia kufanya kama alivyopendekeza mwandishi Sebastian Leitner mwaka 1972. Chukua boksi la viatu, ligawe vyumba vitatu. Kadi zote zinaanza chumba cha kwanza, na hicho mnakipitia kila siku. Akipata, kadi inahamia chumba cha pili, mnaipitia baada ya siku mbili tatu. Akipata tena, chumba cha tatu, mara moja kwa wiki. Akikosa, popote ilipo, inarudi cha kwanza. Kwa zile 21 za Kibatari boksi la kiberiti kubwa linatosha.

#23 Chaki Nyeupe
Wakuu nimerudi baada ya wiki mbili na nusu. Samahani kwa ukimya, tulikuwa na wadhibiti ubora.

Nilifuata #6 na #8. Nimetoa 1, 2, 5 na 10, zimebaki kadi 24. Ukutani nimebandika zile 21. Nimejaribu zamu badala ya mbio kwenye nusu ya makundi, nusu nyingine nikaacha mbio.

7 × 8 imepanda, hilo nimeliona kwa macho, na imepanda pande zote mbili, za zamu na za mbio. Kwa hiyo sijui nimshukuru Fundi au Mzee wa Mizani. Wale watoro watatu, wawili wameanza kukosa tena. Mmoja nilimfuata, akasema mchezo umekuwa mgumu, hapati kadi hata moja. Hilo limeniuma. Zile kadi za mteremko nilizozitoa ndizo zilizokuwa zinamleta shule.

Na ugomvi umeongezeka, tena sana. Jana makundi matano yaliniita kuamua. Na 6 × 8 bado ni 72 kwa wengi.

#24 Madamu wa Mkoani
Rudisha kadi za 2 na 5 kwenye kundi la huyo mtoto tu. Seti mbili za viwango viwili, usitangaze ipi ngumu.

#25 Fundi Namba
Hilo la watoto kukata tamaa sikulifikiria, nakubali. Madamu yuko sahihi zaidi yangu hapo.

#26 Mwl wa Kitengo
Chaki Nyeupe, nimesoma tena #1 yako. 6 × 8 wanaandika 72. 9 × 7 wanaandika 42. Lakini 72 ni 9 × 8, na 42 ni 6 × 7. Umesema dawati la mbele linageuka kutazama la nyuma. Kwa hiyo kadi ikilala katikati, watoto wawili wanaiona sawa na wawili wanaiona kichwa chini. Kadi zako za 6 na 9 umezipigia mstari chini?

#27 Kibatari
Eeeh! Na kwenye kadi 40, za 6 na 9 ni 8. Kwenye kadi 24 ni 8 zilezile. Zamani moja katika tano, sasa moja katika tatu. Ndiyo maana ugomvi umeongezeka! Wawili wanasema 48, wawili wanasema 72, na kila mtu yuko sahihi kwa macho yake.

Angalia 6 × 9 mkuu. Hiyo ukiigeuza inabaki ileile. Kama wanaipata kuliko 6 × 8, Mwl wa Kitengo ameshaumaliza huo mkasa.

#28 Mzee wa Mizani
Hiyo inaeleza 6 na 9. Binti yangu na Neema wake haiwaelezi.

#29 Chaki Nyeupe
Nimefungua madaftari usiku huu kwa taa ya simu. 6 × 9 wamepata watoto 61. 6 × 8 wamepata 38.

Sijapiga mstari kwenye kadi hata moja. Nina seti 24, kila seti sita nne na tisa nne. Mwl wa Kitengo, Mungu akubariki. Kesho naenda na makapeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla hawajafika.

#30 Mpemba wa Bandarini
Kadi 192 hizo, mwalimu. Beba makapeni mbili.